Radi Ilipopiga Kitabu cha Mkunga

Mama mkwe alisema mara tatu. Mara ya kwanza alisema kwa upole, akiwa kwenye kochi lake karibu na dirisha, miguu imelazwa juu ya kigoda: "Zima hilo dude, mwanangu, mvua inakuja." Mara ya pili alisema huku akivuta pazia. Mara ya tatu hakusema na mtu, alisema na ukuta. "Asiyesikia la mkuu," akauambia ukuta, na methali hakuimalizia, maana waliokuwa mle ndani wote waliijua.

Bi Chapa alizisikia zote tatu. Mtaa mzima ulimwita Bi Chapa, kwa kuwa tangu enzi za mashine za taipu alikuwa akipigia watu chapa barua, mikataba na ripoti za vyuo, na sasa alifanya kazi hiyohiyo kwa kompyuta iliyokaa kwenye kona ya sebule. Alikuwa na vidole vyepesi na shingo inayouma. Siku ile, Jumanne alasiri, alikuwa katikati ya aya ambayo hakutaka kuiacha.

Aya yenyewe ilikuwa ya Mkunga. Mkunga alikuwa amestaafu baada ya miaka arobaini ya kupokea watoto wa watu, na sasa macho yake yalikuwa na ukungu na mikono ilitetemeka hata kushika kalamu. Lakini kichwa kilikuwa kizima. Kwa miezi minane alikuwa akija kila Jumamosi, anaketi kwenye kiti cha mbao, anafumba macho na kusimulia, na Bi Chapa anapiga chapa kwa kasi ya maneno. Katikati ya wiki Bi Chapa hurudia kurasa, akasahihisha, akaweka nukta mahali ambapo Mkunga alivuta pumzi. Hapakuwa na daftari wala kaseti. Kitabu chote kilikuwa ndani ya kompyuta ile, na nakala yake ilikuwa kwenye flashi ndogo ambayo Bi Chapa huichomeka kila anapokaribia kumaliza kazi ya siku.

"Nimalizie sentensi hii tu, Mama," alisema. Flashi ilikuwa tayari imechomekwa.

Mwanga na kishindo vilikuja pamoja, kama mtu amepasua ubao mkavu juu ya paa. Taa ya sebuleni ilipasuka. Skrini ikawa nyeusi, na sentensi ikaondoka nayo. Kisha ikaja harufu ya plastiki iliyoungua, nyembamba na chungu, ikakaa puani.

"Umeumia?" mama mkwe aliuliza gizani.

"Hapana."

"Basi njoo ukae hapa karibu yangu."

Hakusema kwamba alionya. Bi Chapa angefurahi kama angesema.

Asubuhi umeme uliporudi mtaani, alichomeka kompyuta kwenye soketi nyingine, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena, kama anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Akamwita fundi wa pale kona, ambaye watu walimwita Vipuri kwa sababu chochote ulichompelekea kilirudi na vipuri pungufu. Vipuri alikuja na begi lake, akabonyeza kitufe mara tatu, akainama akanusa, akajaribu flashi kwenye kompyuta yake ndogo, akatikisa kichwa.

"Dada, flashi imekwenda. Na hii nayo ni marehemu. Niachie niende nayo, nitakupa kitu kidogo."

"Na vilivyomo ndani? Diski?"

"Radi haichagui." Alikuwa ameshaweka mkono juu ya kasha, anapima uzito.

Bi Chapa alimshukuru, akamsindikiza hadi mlangoni, akarudi akaifunika kompyuta kwa kitenge. Akakaa mbele yake mikono mapajani. Jumamosi Mkunga angekuja, angefumba macho, na angeuliza tumefika wapi.

"Aliyeiunda yu hai," mama mkwe alisema kutoka kwenye kochi.

Bi Chapa alinyoosha kunjo la kitenge.

Aliyeiunda alikuwa mumewe. Aliiunganisha juu ya meza ileile, kipande kwa kipande, mwaka wa pili wa ndoa yao, huku akimpa yeye skrubu azishike kiganjani. Yeye alimwita Fundi tangu siku ya kwanza alipokuja kurekebisha mashine ya taipu, na naye alimwita Bi Chapa. Majina yale ya kutaniana yakawa ndiyo majina. Kisha Fundi akapata kazi ya minara ya simu, mbali, safari ya siku moja na nusu kwa basi. Akasema miezi sita. Yeye akasema hawezi kuhama na kumwacha Mama na miguu ile, na wateja nao. Wote wawili walikuwa na haki, na hakuna kigumu kama ugomvi ambao kila mtu ana haki. Miezi sita ikawa mwaka. Sasa ilikuwa miaka mitatu.

Watu wa mtaa walishangaa kuona mume ameondoka na mama yake amebaki kwa mkwe. Binti mkubwa wa Mama alikuja kumchukua, na gari lilikuwa nje. Mama mkwe aliuliza tu, "Kwani mimi nimegombana na nani?" na gari likarudi tupu.

Katika mwaka wa pili baba yake Bi Chapa alifariki. Fundi alituma ujumbe wa rambirambi, mrefu, wa maneno mazuri. Mwenyewe hakuja. Tangu siku hiyo Bi Chapa hakuongea naye tena. Kila Ijumaa jioni Fundi alipiga simu kwa mama yake, na simu ilipolia Bi Chapa alitoka nje kuanua nguo, hata siku ambazo hapakuwa na nguo kambani. Alisimama chini ya dirisha, akikunja kinguo kimoja na kukikunjua. Maneno ya Fundi hayakumfikia, ila ya mama mkwe yalimfikia, na kila wiki ilifika zamu ya Mama kusema, "Yupo. Mzima." Hapo alijua kwamba Fundi amemuulizia. Alikaa na yale maneno mawili mpaka Ijumaa nyingine.

"Mficha maradhi," mama mkwe alianza.

"Kifo humuumbua. Najua, Mama."

"Kama unajua, mbona umekaa?"

Bi Chapa alitazama kitenge. Mama mkwe hakungoja. Alichukua simu yake, akabonyeza, akaiweka sikioni.

"Hapana, leo si Ijumaa," alisema baada ya muda. "Tulia. Hakuna aliyekufa ila kompyuta. Ongea na mwenye nayo." Akanyoosha mkono.

Simu ilikuwa na joto la shavu la Mama. Upande wa pili palikuwa na upepo, na kitu cha chuma kikigonga chuma, kisha mlango ukafungwa na upepo ukakoma.

"Bi Chapa," sauti ilisema.

Alikuwa amejiandaa kwa mengi, lakini si kwa sauti ile kuwa vilevile.

"Radi imepiga kompyuta. Kuna kitabu cha mtu ndani. Kazi ya miezi minane."

Fundi alikuja kwa mlango wa kazi. "Ukibonyeza, kuna taa yoyote inawaka? Feni inazunguka?"

"Hakuna."

"Soketi umeijaribu na kitu kingine?"

"Pasi. Inapata moto."

"Sawa. Chomoa kila kitu. Umeme, skrini, waya wa intaneti, vyote. Halafu bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie, uhesabu mpaka ishirini."

"Imechomolewa, nabonyeza nini?"

"Kuna umeme unaobaki ndani. Hauondoki wote mara moja."

Alibonyeza, akahesabu kwa sauti. Fundi alikuwa akimsikiliza. Alipofika kumi na mbili, mama mkwe, ambaye tangu asubuhi alikuwa analalamikia magoti, aliinuka akaenda jikoni, akafunga mlango nyuma yake.

"Ishirini."

"Chukua bisibisi. Kuna skrubu mbili nyuma, upande wa kushoto."

Aliweka simu mezani, akafungulia sauti, akafungua ubavu wa kasha. Ndani kulikuwa na vumbi la kijivu, na kwenye kila waya kipande cha plasta nyeupe chenye mwandiko wa Fundi, zile herufi zake zilizoinama kama zinapanda mlima. *Diski. Feni ya nyuma. Kitufe.* Juu ya boksi la chuma la nyuma alikuwa ameandika *Usiguse*, na chini yake, kwa herufi ndogo zaidi, *hata wewe Bi Chapa*. Miaka yote ile aliifuta kompyuta vumbi kwa nje, na hakujua kwamba ndani ametajwa.

"Umefungua?"

"Nimefungua."

"Nusa. Taratibu, kama unanusa maziwa kama yameharibika."

Alinusa kwenye ubao mpana wa kijani, akanusa kwenye diski. Alipofika kwenye boksi la chuma alirudisha kichwa nyuma. "Ni huku. Kwenye hili ulilosema nisiguse."

"Boksi la pawa, lile linalogawa umeme. Afadhali."

"Afadhali vipi?"

"Mara nyingi hilo ndilo linalokufa, wengine wakapona. Usilifungue lenyewe, hata likiwa limechomolewa, linaweza kukuua. Tutalitoa zima." Akasita. "Kulikuwa na boksi jingine, la kompyuta ya zamani. Kwenye vitu vyangu, stoo. Kama hukutupa."

"Lipo."

"Lipo?"

"Nimesema lipo."

Alikwenda na simu. Stoo ilikuwa chumba chembamba nyuma ya jikoni, na katoni la Fundi lilikuwa kwenye rafu ya juu, limefungwa kwa nailoni.

"Ni lile la chini, karibu na ndoo," Fundi alielekeza.

"Nililipandisha. Maji yaliingia mvua za mwaka jana."

Bi Chapa alisikia pumzi za Fundi, na akajilaumu kwa kusema. Ni jambo dogo, kupandisha katoni, lakini mtu akilisikia kutoka mbali linaweza kuwa kubwa.

Walilijaribu boksi lile kwanza, peke yake, mezani. Fundi alimwambia anyooshe kibanio cha karatasi, akipinde kama kipini cha nywele, aingize ncha moja kwenye tundu la waya wa kijani na nyingine kwenye tundu la mweusi ulio jirani. "Ukiwa hujachomeka. Halafu utoe mkono kabisa. Ndipo uchomeke."

"Naogopa," alisema, na papo hapo akashangaa kwamba amesema.

"Mkono wako uko wapi?"

"Mgongoni."

"Basi chomeka kwa huo mwingine."

Alichomeka. Feni ya boksi la zamani ilikohoa, ikatema vumbi la miaka, ikaanza kuzunguka. Mama mkwe jikoni aliacha kugonganisha vyombo.

Kulitoa boksi lililoungua na kuliweka la zamani kulichukua karibu saa nzima. Fundi hakumharakisha. Alimwambia kila plagi ina kibano chake, abonyeze kibano kabla ya kuvuta, asivute waya, avute plastiki. Aliposema "nimekwama", alimwuliza anaona nini, naye akamweleza, na kwa kumweleza akaona. Zamani ndivyo walivyofanya kazi.

Alirudisha kila kitu, akabonyeza. Feni zote zikazunguka. Skrini ikabaki nyeusi, na kompyuta ikaanza kulia, milio mirefu inayorudiarudia.

"Inalia," alisema, na sauti yake mwenyewe ilikaribia kulia.

"Weka simu karibu niisikie." Alisikiliza. "Hiyo ni memori. Inalia kwa sababu ubao uko hai, usiogope. Zima, chomoa. Unaviona vipande viwili vyembamba vimesimama kama vitana? Vitoe. Kwenye ukingo wa chini kuna meno ya rangi ya dhahabu. Yafute kwa raba, raba ya kawaida ya kufutia penseli. Pole pole."

Alichukua raba kwenye mtungi wa kalamu, akaanza kufuta. Kazi ile haikuhitaji akili, ilihitaji vidole tu, na labda ndiyo sababu mdomo ulipata nafasi.

"Baba alikuulizia," alisema.

Aligeuza kipande, akafuta upande wa pili.

"Siku mbili kabla hajafa. Aliuliza mkwe wangu anafika lini. Nikamwambia uko njiani. Sikuwa nimekuuliza. Niliamini tu."

"Nilikuwa na likizo," Fundi alisema hatimaye. "Sitakudanganya. Hakuna aliyenizuia. Nilikuwa nimeshakaa mwaka na zaidi bila kurudi, nikawaza nitaingia msibani mbele ya watu wote, wataniangalia, na wewe utaniangalia. Nikasema nitakuja watu wakitawanyika. Walipotawanyika nikaona sasa nimechelewa zaidi, aibu ikaongezeka. Kadiri nilivyochelewa ndivyo nilivyozidi kuona aibu, na kadiri nilivyoona aibu ndivyo nilivyochelewa. Ndiyo hivyo. Sina sababu nyingine nzuri zaidi."

Bi Chapa aliendelea kufuta meno ambayo yalikuwa yameshang'aa. Kwa miezi mingi alikuwa ametunga majibu, mengine makali kama wembe, na alikuwa ameyapanga vizuri. Sasa yalimtoroka yote. Aliyekuwa kwenye simu hakuwa mtu mwovu wala mtu mwenye mwanamke mwingine. Alikuwa mtu mwenye aibu, na hilo lilimuuma kuliko vyote alivyowahi kudhania, kwa sababu lingeweza kwisha kwa basi moja.

"Nimemaliza kufuta," alisema.

"Rudisha kimoja tu. Ukisikia kimebana pande zote mbili, washa."

Alirudisha kimoja. Ikalia. Akakitoa, akarudisha kile cha pili, akabonyeza na kufumba macho. Hakusikia mlio. Alipofumbua, skrini ilikuwa imejaa maandishi meupe yanayopanda haraka, kisha picha ya kawaida ikatokea, na kwenye kona yake lile faili aliloliita *Mkunga*.

Alilifungua. Ukurasa wa kwanza ulikuwepo. Akashuka mpaka chini, kurasa mia mbili na tisa, mtoto wa kwanza, mtoto wa mafuriko, pacha wa ngazini, wote. Aya ya jana tu, ile aliyokuwa ameifuta ili aiandike upya, ndiyo haikuwepo.

"Kipo," alisema. Alijikuta amekaa sakafuni, ameegemea mguu wa meza. "Kipo chote."

Fundi alitoa pumzi ndefu. "Chukua nakala sasa hivi, kwenye flashi nyingine, na ukishaichukua uichomoe. Sehemu ya intaneti huenda imeungua, itahitaji kadi mpya, si kazi kubwa." Kisha akaongeza, haraka kidogo, "Na nyumba haina waya wa ardhini wa maana. Nilikuwa nimepanga kuuweka. Ningeweza kuja kuuweka."

Bi Chapa alitazama mlango wa jikoni. Kivuli cha miguu ya Mama kilikuwa chini yake, hakisogei. Moyo wake ulitaka kusema njoo, useme hivyo tu, neno moja la silabi mbili. Lakini alimwona akishuka kwenye basi na begi la vifaa, akichimba, akifunga waya, akinawa mikono, akiaga.

"Mafundi wa umeme wapo hapa," alisema. "Nitamwita mmoja. Wewe ukija, usije kama fundi."

"Nije kama nani?"

"Hilo utalijua wewe."

Hakuna aliyekata simu. Walikaa hivyo, yeye sakafuni, na Fundi huko alikokuwa, mpaka mtu akamwita Fundi kwa jina la kazini, akasema, "Inabidi nipande," na yeye akasema, "Panda salama."

Jumamosi Mkunga alikuja, akaketi, akafumba macho. Bi Chapa alimweleza yaliyotokea na kumwomba radhi kwa aya iliyopotea. Mkunga alicheka mpaka akakohoa. "Binti yangu, nilikuwa nimeisimulia vibaya. Andika upya." Akaisimulia, na kweli ilikuwa bora, maana safari hii alikumbuka jina la mama wa mtoto. Wiki iliyofuata alikuja fundi wa umeme, mwanamke mfupi mwenye nyundo kubwa, akapigilia chuma ardhini nyuma ya nyumba na kufunga waya wa kijani na njano. Alimaliza kabla ya saa sita. Ilikuwa kazi nzuri, na Bi Chapa alisimama akaitazama muda mrefu, akijuta na kutojuta.

Jumanne ya wiki hiyohiyo simu iliyolia haikuwa ya Mama, ilikuwa yake. Fundi aliuliza kama kompyuta inaendelea vizuri. Inaendelea. Jumanne nyingine hakuuliza habari za kompyuta. Aliuliza shingo yake, aliuliza kaburi la mzee liko upande gani wa makaburi, kama limejengewa, na alipojibiwa alisema tu, "Sawa," kwa sauti ndogo. Ijumaa aliendelea kumpigia mama yake kama kawaida, na Bi Chapa hakutoka tena nje. Alikaa palepale, akipiga chapa, ingawa kwa vidole viwili.

Jumanne ya nne Fundi alisema ameomba likizo. Si ya waya, alisema. Bado haijakubaliwa, huenda mwisho wa mwezi, huenda mwezi ujao, kuna mnara mmoja lazima usimame kwanza. Alisema hata isipokubaliwa atakuja. Bi Chapa alimsikiliza bila kumkatiza. Alimjua. Alijua kwamba anamaanisha kila neno, na alijua pia kwamba aliwahi kumaanisha miezi sita.

"Nimesikia," alimjibu, na sauti ikamponyoka ikawa laini kuliko alivyokusudia.

Alipoweka simu chini, mama mkwe alikuwa anamtazama kutoka kwenye kochi, kitambaa chake cha kufuma kimesimama mikononi.

"Amesemaje?"

Bi Chapa alifikiri. Akimwambia, kabla ya jua kuzama Mama angekuwa ameshatoa shuka zote kabatini kuzianika, angekuwa ameuambia mtaa, na kila basi likiingia stendi angekaa dirishani akihesabu saa. Miguu ile isingeweza kungoja hivyo. Mmoja akingoja ilitosha.

"Anakusalimia, Mama."

"Tu?"

"Tu."

Mama mkwe alimtazama usoni kwa muda, akarudi kwenye kufuma kwake. Bi Chapa aligeukia skrini, akasoma sentensi ya mwisho ya Mkunga mara tatu bila kuielewa, akatabasamu peke yake, kisha tabasamu likamwisha, kisha likarudi.